Furuhata Ninzaburo: muuaji tunamjua tangu mwanzo, sasa kateleza wapi? (Uzi wa uchambuzi, humu tunafichua mwisho)

Bundi wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa tamthilia moja tu ya Kijapani, Furuhata Ninzaburo, iliyoanza kurushwa na Fuji TV tarehe 13 Aprili 1994. Tutawataja wauaji na kueleza walivyonaswa. Ambaye hajaitazama na anataka kuionja ikiwa mbichi, aishie hapa, akatazame kwanza, uzi utamkuta.

Kwa mgeni, maelezo ya haraka. Furuhata ni mpelelezi wa polisi jijini Tokyo, anaigizwa na Tamura Masakazu. Suti nyeusi, hana tai, habebi bastola, na mara nyingi anafika eneo la tukio kwa baiskeli. Kila sehemu ina nyota mgeni, na nyota huyo ndiye muuaji. Anaua mbele ya macho yetu dakika za mwanzo, anafuta alama, anajitengenezea ushahidi kwamba alikuwa kwingine, na ndipo Furuhata anapoingia akiwa na maswali yake madogo madogo yasiyoisha. Mwandishi ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, Mitani Koki, ndiyo maana kanuni za mchezo haziyumbi.

Kanuni kubwa kuliko zote ni ile ya taa. Sehemu ikikaribia ukingoni, kila kitu nyuma yake kinaingia giza, Furuhata anabaki kwenye mwanga peke yake, anageukia kamera na kuzungumza nasi. Anasema yeye keshamaliza kazi, halafu anatutajia jambo moja au mawili ya kuyafikiria. Yaani ni zamu yetu sasa.

Kumwonyesha muuaji kwanza hakukuzaliwa Japani. Mwingereza R. Austin Freeman alikuwa akiandika hivyo kufikia mwaka 1912, na Columbo wa Marekani, aliyeanza 1968, ndiye aliyeupeleka mtindo huo kwenye televisheni za dunia nzima. NHK, shirika la utangazaji la Japani, ilianza kumrusha Columbo mwaka 1972, na Mitani ni mpenzi wake wa siku nyingi. Wajapani mtindo huu wanauita tojo, masimulizi yaliyopinduliwa. Hata kumgeukia mtazamaji kulishafanywa na Ellery Queen wa televisheni ya Marekani ya 1975 hadi 1976. Mitani alichofanya ni kuviunganisha viwili hivyo na kuvibana ndani ya kipindi cha saa moja chenye matangazo ndani yake.

Hoja yangu ni hii. Makosa ya wauaji wote wa tamthilia hii yako ya aina tatu: kuna aliyesema neno ambalo asingelijua, kuna aliyefanya jambo ambalo asingekuwa na sababu ya kulifanya, na kuna aliyeacha kufanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu jicho halikai tayari kuona kitu ambacho hakikutokea. Mfano wangu ni sehemu ya 5 ya msimu wa 1, ile ya shogi, mchezo wa ubao wa Kijapani unaofanana na chesi. Karibuni.

---

Komwe la Bao

Mkuu umeanza na sehemu yenyewe. Ila wengi hawachezi shogi, na usipojua shogi kidokezo kile kinapita kama upepo. Nieleze.

Ubao wa shogi una miraba 9 kwa 9. Kila mchezaji ana kete 20. Kete zote zina rangi moja, na umbo la pande tano lenye ncha, ncha ikielekea kwa adui. Karibu kila kete ina maandishi pande zote mbili. Ikiingia safu tatu za mwisho za upande wa adui, mwenyewe ana ruhusa ya kuipindua, na ikipinduliwa inapata nguvu mpya. Fikiria kete ya drafti inapoingia kingi, ila hapa huongezi kete juu yake, unaigeuza tumbo juu.

Kete inayohusika inaitwa hisha. Inakwenda mbele, nyuma na pembeni umbali wowote, kama ngome ya chesi. Ikipinduliwa inabaki na nguvu hizo zote, halafu inaongezewa hatua moja ya mshazari kila upande. Hakuna inachopoteza. Kwa hiyo mchezaji akiingiza hisha eneo la adui, vidole vinaigeuza bila hata kichwa kuombwa ruhusa: inanyanyuliwa, inapinduka hewani, inatua na ule mlio wake mkavu.

Sasa muuaji wetu, Yonezawa, ni mchezaji wa kulipwa wa ngazi ya nane, na anaingiza hisha eneo la adui kwenye mechi kubwa. Hapindui. Anaiweka vilevile ilivyo. Kamera inatuonyesha ubao, watazamaji wa mechi wanashangaa, na sisi tusiojua tunaona ni mambo ya wataalamu. Sababu ni kwamba upande wa chini wa ile kete una damu ya marehemu. Angeipindua, damu ingetazama juu mbele ya kila mtu.

Ndiyo maana nasema ni kidokezo bora. Kitu kimefichwa mahali peupe kabisa, katikati ya ubao, kinaangaliwa na chumba kizima.

---

Ngome Kuu

Nakubaliana na mengi, ila hapo "hakuna inachopoteza" nakupinga kidogo, Komwe. Ipo hali moja ambapo mchezaji mwenye akili timamu anaacha kupindua hisha. Sheria ya shogi inakataza kummaliza mfalme kwa kudondosha ubaoni kitunda, kete ndogo kuliko zote, ulichokiteka kwa adui na kukishika mkononi. Ukiwa na kete yenye nguvu mno, unaweza kujikuta kile kitunda ulichotaka kudondosha kinammaliza mfalme papo hapo, na hiyo ni faulo, unapoteza mechi. Kwa hiyo unaiacha hisha ikiwa dhaifu ili mfalme abaki na pa kukimbilia, umkamate hatua zinazofuata. Inaitwa kukwepa uchifuzume.

Kwa hiyo kutopindua peke yake siyo ushahidi.

---

Komwe la Bao

Ni kweli, na nashukuru umeitaja. Lakini hali hiyo unaikuta zaidi kwenye mafumbo ya kutunga kuliko kwenye mechi. Halafu ina alama yake: lazima mfalme wa adui awe amebanwa, karibu kumalizwa, na lazima uwe na kitunda mkononi. Mtaalamu akitazama ubao anajua mara moja kama hali hiyo ipo au haipo. Furuhata haanzi na hitimisho. Anaanza na kuuliza kwa nini, anawauliza wanaojua, na jibu la ubaoni linapokosekana ndipo anatafuta jibu nje ya ubao. Hatua hizo mbili zisipofuatana kidokezo kinakufa.

Niongeze la barua, maana ndilo chanzo cha mauaji. Mechi za ubingwa za siku mbili zina utaratibu wa fujite, hatua iliyofungwa. Jioni ya siku ya kwanza, mwenye zamu hachezi ubaoni. Anaandika hatua yake kwenye karatasi kwa siri, inatiwa ndani ya bahasha, inafungwa na kusainiwa, na kufunguliwa asubuhi. Lengo ni kwamba asiwepo anayelala na ubao huku akijua ni zamu yake, maana angepata usiku mzima wa kufikiri bure. Katika mechi halisi bahasha huwa mbili, moja anakaa nayo msimamizi, nyingine inahifadhiwa kwenye sefu ya mahali mechi inapofanyika. Yonezawa anatia karatasi tupu, ili apate usiku wake wa kufikiri. Msimamizi anagundua, na hapo ndipo mtu anapoteza roho. Utaratibu wa heshima ndio unaomzaa muuaji, na desturi nyingine ya mchezo huohuo, ya kupindua kete, ndiyo inayomkamata. Mwandishi hakutoka nje ya ubao hata mara moja.

Na aliyeigiza, Bando Yasosuke, alikuwa mwigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, baadaye akarithi jina la Bando Mitsugoro. Tazameni mikono yake anapoiweka ile hisha. Mkono umetulia, macho hayajatulia.

---

Fundi Manukuu

Wadau, mimi nataka kusema jambo linalowahusu wote tunaotazama kwa maandishi ya chini ya skrini. Bundi ametaja aina ya kwanza, neno ambalo muuaji asingelijua. Aina hiyo ndiyo inayouawa na tafsiri, tena bila mtu kujua.

Chukueni sehemu ya 1 ya msimu wa 2, ya Januari 1996. Muuaji ni wakili, Koshimizu, anaigizwa na mchekeshaji Akashiya Sanma. Anampiga mpenzi wake kichwani, mashaka yote yanamwangukia Imaizumi, msaidizi wa Furuhata, halafu wakili huyohuyo anajitokeza kumtetea Imaizumi mahakamani. Silaha ni chombo cha kioo cha kuwekea maji ya kunywa, mizusashi kwa Kijapani. Sisi tunasema jagi. Mahakama nzima inakiita jagi, maana ukikiona kwenye meza ya vielelezo ni jagi la maji na si kingine. Koshimizu peke yake anakiita kabin, yaani vasi, chombo cha maua.

Kwa nini? Kwa sababu usiku ule jagi lilikuwa limetiwa maua. Aliyeliona na maua ndani ni aliyekuwepo chumbani usiku ule. Kwake yeye kile ni chombo cha maua, na ulimi ukatoa kile ambacho jicho lilikihifadhi.

Sasa mtafsiri mvivu anaona maneno mawili ya kitu kimoja, anayasawazisha. Ama anaandika "chombo" kote, ama anaandika "vasi" kote ili msomaji asichanganyikiwe. Kwisha. Mtazamaji anafika kwenye zile taa, anaambiwa afikirie, hana cha kufikiria. Anaondoka akisema tamthilia inadanganya watu.

Ushauri kwa anayetafsiri, au anayechagua faili la maandishi: kabla ya kuandika mstari wa kwanza, tazama sehemu nzima mpaka mwisho. Orodhesha maneno yanayorudiwa kwenye ufumbuzi. Rudi nyuma uyatafute yote, uyape neno moja lisilobadilika, na lile la kuteleza ulipe neno lake, mara ileile linapotokea, bila kulitilia alama yoyote. Usiliwekee herufi za mlazo. Usiliwekee alama za kunukuu. Likipita kimyakimya kama lilivyopita kwenye Kijapani, kazi yako ni safi.

Na ukiona silaha inaitwa kwa majina tofauti sehemu mbili kwenye faili lako na huna uhakika kama ni kosa la mtafsiri au la muuaji, sikiliza sauti. Huhitaji kujua Kijapani ili kutofautisha mizusashi na kabin.

---

Nuru Jioni

Fundi, hapo kwenye jagi umenifumbua macho, maana faili ninalolijua mimi limeandika chombo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Swali langu kwa wote: mbona wauaji hawa wanakubali haraka hivyo? Furuhata anatoa hoja moja, mtu anakaa chini, anatabasamu, anasema ndiyo ni mimi. Wakili kama Koshimizu si angesema tu ulimi uliteleza? Na zaidi ya hapo, Furuhata mara nyingi anadanganya kidogo ili kumtega mtu. Hiyo ni halali?

---

Ibara ya 38

Dada Nuru, swali lako lina majibu ndani ya sheria ya Japani yenyewe.

Kwanza, kukiri peke yake hakutoshi. Katiba ya Japani, ibara ya 38, inasema mtu hatatiwa hatiani iwapo ushahidi pekee dhidi yake ni kukiri kwake mwenyewe. Kwa hiyo lile tabasamu la mwisho, hata likiwa tamu vipi kwetu, kwa mwendesha mashtaka ni mwanzo tu wa kazi. Lazima kiwepo kitu kingine.

Pili, hadaa. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Japani ilitoa uamuzi unaofundishwa mpaka leo. Mume aliambiwa mke wake keshakiri kushirikiana naye, ilhali mke hakuwa amekiri. Mume alipokiri, mke naye akaambiwa mumeo keshakiri. Mahakama ikasema ungamo linalopatikana kwa hadaa inayomsukuma mtu kisaikolojia, kukiwa na hatari ya kuzaa maungamo ya uongo, halipaswi kutumika kama ushahidi. Kwa hiyo mitego ya Furuhata ya aina ya "tumeshapata kitu fulani" wakati hawajakipata, wakili mzuri angeipiga vita.

Sasa pimeni sehemu tulizozitaja, na moja ninayoiongeza, kwa mizani hiyo.

Shogi: kete ina damu. Ni kitu cha kushikika, kinapelekwa maabara, kinazungumza chenyewe hata Yonezawa akikaa kimya miaka kumi. Kesi imesimama.

Jagi: neno limesemwa mahakamani, mbele ya majaji, na limeandikwa kwenye kumbukumbu. Furuhata hakumdanganya mtu. Mwaka 1996 kesi kama ile ilisikilizwa na majaji wa taaluma pekee, maana mfumo wa kuwashirikisha raia kwenye kesi nzito ulianza 2009. Majaji wale wamelisikia neno kwa masikio yao. Koshimizu angeweza kujitetea kwamba ulimi uliteleza, lakini angelazimika kueleza uliteleza kwenda kwenye maua kwa njia gani. Naona kesi ni ngumu ila inasimama, hasa polisi wakipata ushahidi wa yale maua.

Karatasi tupu: siyo ile ya bahasha ya Yonezawa, hii ni sehemu ya 1 kabisa, ya mchoraji wa katuni Koishikawa Chinami, anayeigizwa na mwimbaji Nakamori Akina. Anamfungia mhariri wake kwenye chumba cha hazina chini ya nyumba, hewa inaisha, mtu anakufa. Maiti inakutwa na karatasi, na karatasi haina neno. Furuhata anasoma huo utupu: marehemu alijua atakayefungua mlango wa kwanza ni muuaji, kwa hiyo jina lolote lingechanwa. Kimya chake ndicho ujumbe. Ni fikra nzuri mno, huwezi kuisahau. Lakini mahakamani ni dhana juu ya mawazo ya mtu aliyekufa. Na Mitani alilijua hilo! Baadaye kwenye tamthilia tunapata habari kwamba Chinami aliachiwa na mahakama. Sijui tamthilia nyingine ya aina hii iliyothubutu kusema wazi kwamba mpelelezi wake alikuwa sahihi na bado kesi ikaanguka.

---

Bundi wa Usiku

Ibara, hii ya Chinami kuachiwa sikuwahi kuitazama hivyo. Inabadilisha hata mpangilio wangu. Niliiweka karatasi tupu kwenye aina ya tatu, kuacha kufanya. Sasa naona aliyeacha kufanya ni marehemu, si muuaji. Kosa la muuaji lilikuwa kujifanya yeye ndiye aliyeigundua maiti. Kwa hiyo ni aina ya pili.

---

Ngome Kuu

Na hapo ndipo hoja yako ya msingi inazidi kupata nguvu. Kwenye shogi kutotenda ni kwa muuaji mwenyewe, na nyuma yake kuna kitu cha kushikika. Kwenye karatasi kutotenda ni kwa maiti, na nyuma yake hakuna kitu. Ukitaka kupima sehemu yoyote, uliza hayo mawili: nani aliacha, na alichokiacha kinafunika nini.

---

Mkasi wa Chumvi

Mnachambua vidokezo vizuri, lakini mnaiacha nusu ya tamthilia mezani. Watu hawakuipenda kwa ajili ya kete na jagi peke yake. Ni namna Furuhata anavyokaa na muuaji. Anawaheshimu. Anainamisha kichwa, vidole kwenye paji la uso, anaomba radhi kwa kusumbua, anakunywa chai yao. Wengi wao anawapenda kabisa, na unaona anavyoumia akimaliza. Tazameni sehemu ya mwisho ya msimu wa 1, Juni 1994, Sugawara Bunta akiwa afisa wa polisi mwenye umri mkubwa aliyeua kulipiza kisasi cha mjukuu wake. Hakuna ushindi pale.

Ndiyo maana sehemu ya 4 ya msimu wa 2 inawagawa watazamaji hadi leo. Kimura Takuya ni msaidizi wa maabara ya chuo, jina Hayashi. Anatega bomu kwenye gurudumu kubwa la bustani ya michezo, anamuua mlinzi aliyemkuta, na Imaizumi anakwama juu kwenye kibanda kimoja. Kichwa chenyewe kinauliza nyekundu au bluu, waya upi ukatwe. Basi, mwisho Furuhata anamuuliza sababu. Hayashi anajibu kwamba gurudumu lilimzibia mnara wa saa aliozoea kuutazama kutoka maabara. Hilo tu. Furuhata anampiga kofi.

Kuna wanaosema sababu ile ni ya kitoto, haiingii akilini. Nawapinga kwa moyo wote. Mwandishi ametuzoesha kwa msimu mzima na zaidi kwamba kila muuaji ana jeraha fulani ambalo Furuhata analiinamia. Hapa tunatafuta jeraha, hatulioni. Kofi lile lina uzito kwa sababu ya adabu yote iliyotangulia. Ukiitazama sehemu hii peke yake ni kofi tu la kwenye televisheni. Ukiitazama baada ya zile za nyuma, unashtuka kama umepigwa wewe.

Na msimdharau Imaizumi. Nishimura Masahiko anafanya kazi mbili kwa mpigo: anachekesha, na anauliza maswali ambayo mtazamaji anataka kuuliza, ili Furuhata ajibu bila kuonekana anatuhubiria. Mwaka 1996 alipewa hadi vipindi vyake vifupi vya usiku. Msimu wa 3, 1999, Mitani alimwongeza Saionji, kijana mfupi mwenye akili nyingi, na hapo ndipo tamthilia ilipoteza kidogo. Ukiwa na msaidizi anayejua, Furuhata hana wa kumweleza.

---

Nuru Jioni

Dada Mkasi, la Saionji sikubaliani nawe. Saionji anapunguza muda wa maelezo, anabeba ile kazi ya kukusanya taarifa, na Imaizumi anabaki huru kuchekesha. Msimu wa 3 udhaifu wake uko kwingine: wauaji wengi wanategemea vifaa na mpangilio mgumu, unatumia nguvu nyingi kuelewa walifanyaje na kidogo kwenye waliteleza wapi.

Nani atupe mpangilio wa kutazama kwa anayeanza? Mtu akianza na ile ya Ichiro, mchezaji besiboli, kwa sababu ya jina, anaharibu.

---

Bundi wa Usiku

Kwa anayeanza, mimi ningemwelekeza hivi. Aanze na shogi, msimu wa 1 sehemu ya 5, akiwa amesoma maelezo ya Komwe ya kupindua kete lakini hajasoma zaidi ya hapo. Kisha arudi sehemu ya 1. Kisha atazame mfululizo hadi mwisho wa msimu wa 1, sehemu ziko 12, bila kuruka ile ya mtangazaji wa redio, Momoi Kaori, anayetoka studio kwenda kuua wakati wimbo unapigwa hewani. Pale saa ndiyo adui yake, na kamera inakimbia naye. Msimu wa 2 una sehemu 10, zote zina thamani, na ya mwisho ni Furuhata ndani ya basi la usiku Marekani akisimuliwa kisa na abiria mwenzake, Suzuki Honami. Hakuna eneo la tukio, hakuna maiti, ni viti viwili na mazungumzo.

Kisha ile maalumu ya tarehe 3 Januari 1999 ambapo kundi la waimbaji la SMAP, wote watano, wanaigiza wakiwa wao wenyewe na ndio wauaji. Msimu wa 3 baada ya hapo. Mwisho kabisa zile tatu za kufunga, usiku tatu mfululizo, tarehe 3, 4 na 5 Januari 2006. Tamura alifariki tarehe 3 Aprili 2021 na hakuna aliyepewa nafasi yake ya Furuhata mtu mzima. Vijana walipata toleo la Furuhata akiwa mwanafunzi mwaka 2008, lakini hiyo ni habari nyingine.

Namna ya kutazama: taa zikizimika, simamisha. Chukua karatasi, andika mistari mitatu. Alisema nini ambacho hakuambiwa? Alifanya nini bila sababu? Aliacha nini? Ukikosa cha kuandika kwenye mstari wa tatu, rudi nyuma utazame wale waliosimama pembeni ya muuaji. Nyuso zao ndizo zinazokuonyesha kitu kilichotarajiwa lakini hakikutokea. Kwenye shogi watazamaji wa mechi wanashangaa kabla yetu.

---

Ibara ya 38

Kuhusu ya Ichiro, tarehe 4 Januari 2006, nadhani ndiyo kinyume kamili cha Koshimizu, yule wakili wa maneno mengi. Mchezaji besiboli Ichiro anaigiza Ichiro. Ndani ya hadithi ni ndugu wa Mukojima, yule askari wa cheo cha chini anayeonekana misimu iliyotangulia, kwa hiyo Nuru yuko sahihi, usipomjua Mukojima hutaelewa kwa nini mtu kama yule aue. Anampa marehemu vidonge viwili achague, kimoja kina sumu, kingine hakina. Na kwa Furuhata hasemi uongo. Hata mara moja. Anacheza kwa haki hadi kwenye mauaji.

Kisheria haimsaidii kitu, kumpa mtu nafasi nusu ya kufa bado ni kuua. Lakini kwa mchezo wetu inabadilisha kila kitu: kila alichosema ni kweli, kwa hiyo hutafuti uongo, unatafuta alichokikwepa.

---

Fundi Manukuu

Na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuitafsiri, ngumu kuliko jagi. Kwenye jagi unalinda neno moja. Kwa Ichiro unalinda kila sentensi.

Kijapani kinamruhusu mtu kujibu bila kutaja mtendaji. Kiswahili hakikuachi. Kitenzi chetu kinadai kiambishi: nili, ali, wali. Furuhata akiuliza swali na Ichiro akajibu kwa sentensi isiyo na mtendaji, mtafsiri akaandika "sikumwona", keshamfanya Ichiro kuwa mwongo, na sehemu nzima imevunjika. Tumieni kauli ya kutendeka, "hakuonekana mtu", au jina la kitenzi, "kuonana naye ni jambo gumu". Akijibu swali kwa swali, liacheni likiwa swali. Akinyamaza, msimjazie hata "hapana" ndogo ya adabu. Ukimaliza, rudia mistari yake yote peke yake, ukiruka ya wengine, na kwenye kila mmoja jiulize: je, hili ni kweli kwa mtu aliyeua? Ukikuta hata mmoja usio kweli, kosa ni lako, si la Ichiro. Rudi kwenye sauti.